Kinachopaa bila kuyeyuka

Karafuu maiti haiozi wala haimwagiki, lakini ukiiacha wazi inaisha. Wauzaji wa soko la Ujiji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana vipande vyake vyeupe hukaa kwenye nailoni iliyopigwa fundo, na nailoni ikakaa kwenye kopo lenye mfuniko. Kipande kikisahauliwa juu ya rafu, kwa joto hili letu la Kigoma, baada ya majuma kadhaa utakikuta kimepungua, pembe zimeliwa, na chini yake hakuna hata doa la unyevu. Hakuna aliyekichukua. Kimepaa hewani kutoka kwenye ugumu wake, hakikuyeyuka kwanza.

Wanakemia wanaliita jambo hilo usablimishaji: kitu kigumu kinageuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia hali ya kimiminika. Nalifundisha kila mwaka kwa Kidato cha Kwanza, kwenye mada ya kutenganisha michanganyiko, na ndilo somo linalowafanya hata watoto wa madawati ya nyuma wasimame ili waone. Lakini neno hilohilo lilishatoka maabara zamani. Wanasaikolojia wanalitumia kwa mambo ya moyo: hasira, tamaa au msiba unapogeuka kuwa wimbo, ufundi au utumishi. Na huku mitaani, bila hata kulitaja, tunalihubiri kutwa. Aliyefiwa anaambiwa ageuze machungu kuwa nguvu. Aliyeachwa anaambiwa hasira zake azipeleke kwenye biashara. Ushauri huo nauheshimu, maana nimeuona ukifanya kazi. Kinachoniuma ni kwamba tunautoa kana kwamba kupaa ni bure. Kemia inasema sivyo, na naona tungewapunguzia watu maumivu kama tungeisikiliza mpaka mwisho.

Tuanze na kinachotokea. Ndani ya kitu kigumu molekuli zimeshikana, kila moja inatetemeka mahali pake, na joto ndilo linalozitetemesha. Zile za juu kabisa, ambazo hazina majirani wa kuzishika kila upande, huweza kupata nguvu ya kutosha kung'oka na kwenda zao hewani. Kwenye chuma au chumvi mshikamano ni mkubwa mno, hivyo kwa joto la kawaida hatuoni chochote. Kwenye karafuu maiti, naftalini na iodini mshikamano ni hafifu, na kung'oka kunatokea hata kabatini. Harufu unayoisikia ukifungua sanduku ni kitu chenyewe kimekufikia puani.

Hapa niseme neno kwa akina mama. Nguo za kichanga zilizohifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya naftalini zifuliwe na kuanikwa vizuri kabla ya kuvalishwa. Mvuke wa naftalini hujishika kwenye kitambaa, na kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana kwenye maeneo ya malaria kama yetu, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano ya hatari. Bibi zetu walirithishana nguo za watoto kwa upendo, na vidonge hivyo viliwekwa kwa nia njema. Kufua hakumkosei bibi heshima.

Narudi kwenye karafuu maiti, kwa sababu nadhani hakuna mahali ambapo watu wa mwambao huu wa ziwa wanakutana na usablimishaji kwa karibu kama msibani. Maiti wa Kiislamu anapooshwa, maji ya mara ya mwisho huchanganywa na karafuu maiti iliyosagwa. Ndivyo Mtume alivyowaelekeza wanawake waliomwosha binti yake, kwa mapokezi ya Umm Atiyya. Kisha hupakwa kwenye viungo vya kusujudia: paji la uso, pua, viganja, magoti, vidole vya miguu. Tulipomwosha bibi yangu, mama aliyekuwa akituongoza aliisaga kwa mgongo wa kijiko ndani ya kisahani, taratibu, maana ukiharakisha inashikamana na kijiko. Alitunyamazisha kwa jicho tu. Ubaridi ulitupanda vidoleni kabla hata maji hayajaguswa. Qurani inaitaja karafuu maiti hiyo, kwa jina la kafuri, kama mchanganyiko wa kinywaji cha watu wema, katika sura ya Al-Insan, aya ya 5. Nyumba ilinukia siku kadhaa baada ya mazishi, na aliyeingia alijua kilichotokea kabla hajaambiwa.

Darasani natumia iodini. Maabara yetu haina gesi, tunawasha jiko la mchina. Ndani ya bika, chombo cha kioo cha maabara, naweka vipande vyeusi vinavyong'aa vya iodini vilivyochanganywa na mchanga wa ziwani, juu yake naweka bakuli lenye maji baridi, madirisha yote wazi kwa sababu mvuke ule unawasha macho na kifua. Kwa muda hakuna kinachoonekana. Halafu mvuke wa zambarau unaanza kujaza chombo, mzito, unajikunja polepole, na chini ya bakuli la maji vinaanza kuota vipande vidogo vyeusi, safi, vyenye ncha. Mchanga unabaki chini ulivyokuwa. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois aliuona mvuke huohuo kwa bahati, alipokuwa akishughulika na majivu ya mwani kutafuta chumvi ya kutengenezea baruti. Alizidisha asidi ya salfa, na elementi mpya ikamtokea usoni ikiwa moshi wa zambarau.

Vitabu vingi vya shule vinaishia hapo na kuandika kwamba iodini haiyeyuki. Si kweli. Inayeyuka kwa nyuzijoto 114 Selsiasi, na ukiichemsha haraka ndani ya kijineli kilichozibwa utaona kimiminika cheusi. Karafuu maiti nayo inayeyuka, kwenye nyuzijoto 176 hivi. Kinachoamua njia ipi ifuatwe ni joto pamoja na mgandamizo ulioko juu ya kitu. Barafu kavu, yaani kabonidayoksaidi iliyogandishwa, kwenye hewa ya kawaida inapaa kwa nyuzijoto 78.5 chini ya sifuri na haitoi tone. Iweke ndani ya chombo chenye mgandamizo unaozidi mara tano ule wa hewa yetu, na itayeyuka. Barafu ya maji ni kinyume: imezoea kuyeyuka, lakini ukiondoa hewa juu yake mpaka mgandamizo ushuke chini ya paskali 611, wakati hewa ya usawa wa bahari ina paskali 101,325, haiwezi tena kuwa maji. Njia iliyobaki ni kupaa tu.

Kwa hiyo kupaa kunawezekana pale mzigo wa juu unapopungua. Mgandamizo ukiwa mkubwa, kitu kilekile, chenye molekuli zilezile, kinayeyuka na kumwagika.

Jambo hili limeokoa maisha ya watoto wetu. Nenda kliniki siku ya chanjo umwangalie muuguzi anapoandaa chanjo ya surua na rubela, au ile ya kifua kikuu. Anachukua kichupa chenye unga mkavu uliojishikiza chini, anavuta maji maalumu ya kuchanganyia, anayaingiza, anazungusha kichupa kiganjani mpaka unga upotee. Kuanzia hapo ana saa 6 tu, kinachobaki kinatupwa. Unga ule ulipatikana kwa kuigandisha chanjo, kisha kuvuta hewa kwa pampu mpaka barafu yake ikapaa yenyewe. Ungeikausha chanjo kwa moto ungeipika na kuiua. Ikikaushwa kwa kupaa, maji yanaondoka na kilicho hai kinabaki na umbo lake. Katika miaka ya 1950 Mwingereza Leslie Collier alipata namna ya kuikausha hivyo chanjo ya ndui ikaweza kuvumilia nchi za joto, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowezesha ndui kufukuzwa duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa umekwisha.

Sasa gharama. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334 za joto. Kuipaisha kilo hiyohiyo moja kwa moja kunahitaji kama kilojuli 2,830, yaani takriban mara nane na nusu. Asiyepita kwenye kimiminika hajasamehewa njia. Analipa nauli ya kuyeyuka na ya kuchemka kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana barafu ya kilele cha Kibo, huko juu penye hewa kavu na baridi, inapotea kwa namna isiyofanana na mto unaotiririka. Sehemu kubwa ya jua linaloipiga huishia kwenye kuipaisha, na hewa ikiwa kavu na theluji mpya ikawa haba, inazidi kupungua kimyakimya. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake limekwisha. Na hata nyumbani, samaki aliyesahauliwa kwenye friza bila kufungwa anatoka na mabaka meupe makavu: barafu ya nyama yake imepaa.

Aliyeufanya usablimishaji uwe neno la nafsi ni Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyechunguza mambo ya nafsi, kuanzia maandishi yake ya mwaka 1905, ingawa mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche alishaazima lugha hiyo ya wanakemia mwaka 1878. Freud aliona kwamba misukumo yetu mikali haifi kwa kukatazwa. Inaweza kuzikwa ikatuumiza kwa chini, au inaweza kubadilishiwa lengo ikazaa sanaa, elimu, kazi ya mikono. Binti yake Anna, mwaka 1936, aliuweka usablimishaji kwenye orodha ya njia ambazo nafsi hujilinda. Nadharia za Freud zimepingwa sana tangu hapo, na mengi aliyosema mimi siyakubali. Hili moja nalikubali, kwa sharti kwamba turudishe humo joto na mgandamizo, vitu ambavyo waliolipokea neno waliviacha maabara.

Nina jirani hapa Ujiji, mtu mzima, ambaye mumewe alikuwa akisafirisha dagaa. Mume alipofariki, waliokuwa wakidaiwa naye mzigo walikana deni mbele ya ndugu, siku za msiba hazijaisha. Mama yule aliingia eda na hasira hiyo kifuani. Eda ni miezi 4 na siku 10, na mfiwa hukaa nyumbani. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato. Akaomba uzi mweupe na kulabu ya kufumia, akaanza kufuma vitambaa vya makochi.

Vile vya mwanzo niliviona. Uzi ulikuwa umevutwa mno, matundu yamebana, kitambaa kimejikunja pembeni hakilali mezani hata ukikikandamiza kwa mkono. Alivifumua vyote. Akafuma, akafumua. Baadaye mkono ukalegea, maua yakafunguka, mistari ikaanza kuachia nafasi, na kuna kimoja chenye ukingo wa majani ambacho mpaka leo sijaona fundi wa kukifikia. Siku moja nilimwamkia, nikaketi mkekani, nikamuuliza kama hasira zimeisha.

"Marahaba. Ziishe ziende wapi?" akasema, hakuinua macho kwenye uzi. "Ningetoka nazo sokoni siku zile ningempiga mtu, mwanangu. Sasa nikipiga, napiga huku," na kulabu ikaingia kwenye tundu linalofuata.

Ukimsikiliza mtu wa kutoa nasaha atakwambia huyu mama ana moyo wa chuma. Mimi nilikuwa naingia na kutoka pale ndani, naona mengine. Mawifi zake walipika kwa zamu. Binti yake alikuja kutoka Kasulu akachukua watoto wadogo na habari za shule. Mjukuu alitumwa dukani kwa uzi. Hakuna aliyemdai kodi, hakuna aliyemtaka aende shambani, hakuna aliyemwambia ajikaze. Mzigo uliokuwa juu yake uliinuliwa na watu wengine, miezi ile yote, na joto la kumwinua lilitoka kwenye majiko yao. Najua eda haiwi hivyo kwa kila mwanamke. Wako wanaokaa eda huku mashemeji wanagawana bati la nyumba. Kwa hao mgandamizo unapanda badala ya kushuka, na tusishangae wakitoka wamevunjika.

Nimewahi pia kufundisha kijana aliyefiwa na baba akiwa katikati ya masomo. Tulimwambia sote, walimu kwa majirani, ageuze uchungu kuwa bidii. Alikuwa anaamka usiku kupokea mitumbwi mwaloni apate fedha ya wadogo zake, anakuja darasani macho mekundu, jioni anabeba maji. Hakuna mahali pa kupaa hapo. Alipiga watu, akatoroka, akaonekana ana tabia mbaya. Alikuwa amewekwa palepale ambapo hata barafu kavu inayeyuka.

Wapo wanaochanganya usablimishaji na kutapika hasira, wanasema piga mto, piga kelele, itoke. Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani Brad Bushman alijaribu hilo: watu walioudhiwa walipopiga gunia la mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi, walitoka na hasira zaidi kuliko wale walioketi tu bila kufanya kitu. Hiyo ni kuchemka. Jirani yangu hakuwa akifuma sura ya mdaiwa. Alikuwa anahesabu matundu, na hesabu ile ilimtaka akili yote.

Wengine hapa kwetu wakitafuta mfano wa machungu kugeuka heri huitaja Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliijenga mwaka 1913 huko Papenburg, ikaletwa vipandevipande mpaka Kigoma kwa reli, ikavalishwa mizinga. Mwaka 1916 wenyewe wakaizamisha isitekwe, mitambo wakiwa wameipaka grisi. Ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 ikiwa meli ya abiria, na mwaka 2015 ilikuwa ikiwatoa wakimbizi wa Burundi ufukweni Kagunga kuwaleta mjini. Naipenda habari hiyo kwa moyo wote, lakini sikubali iwe mfano wa jambo hili. Liemba haikuruka hatua. Ilizama kweli, ikalala chini ya ziwa miaka, ikatengenezwa upya msumari kwa msumari. Watu wengi hupona kwa njia hiyo, ya kuzama na kuibuliwa, na hakuna sababu ya kuwaonyesha kwamba wamechelewa kwa kuwa hawakupaa siku ya kwanza.

Kitu cha mwisho kwenye lile bika langu ni bakuli la maji baridi. Bila hilo, mvuke wa zambarau unatoka dirishani na hatupati chochote isipokuwa macho kuwasha. Unahitaji uso wa kutua ili ugande uwe kipande kipya, safi. Na mchanga unabaki chini, hauendi popote. Deni la dagaa halijalipwa mpaka leo, na mama hajasamehe, wala simwombi asamehe. Lakini vitambaa vyake vilipata pa kutua, kwa sababu Ujiji haiishi harusi na kila bibi harusi anataka seti ya makochi na ya meza. Kijana yule hakuwa na pa kutua. Wenye vipaji wa Kigoma wako wengi, wa kuimba na wa mpira, na mji huu umezoea kuwaona wakienda kugandia Dar es Salaam, kwenye studio na viwanja.

Mama alipotoka eda, wajane wengine walianza kumfuata na uzi wao. Wanakutana alasiri barazani kwake, wengine na watoto mgongoni, na mvua ya masika ikianza uzi unalowa, wanatawanyika. Mwenye chumba kisichotumika maeneo ya Ujiji, chenye bati zima na dirisha la kuingiza mwanga, aniandikie. Kodi tutachanga.